Kikombe cha Wageni

Ng'ambo ya hospitali, ukutani kwa Mama Birika muuza kahawa, ilipangwa misumari, na kila msumari ulibeba kikombe cha mteja wake wa kila siku. Kahawa ilichemka asubuhi ile, lakini muuzaji hakuwa na moyo wa kazi. Mpangaji wake, binti aliyetoka nchi ya mbali kusomea udaktari wa watoto, amehitimu. Serikali imetangaza kwamba wageni wenye ujuzi, na wanafunzi wakimaliza masomo, wakipenda wabaki moja kwa moja. Binti hajasema ndiyo, hajasema hapana. Begi liko wazi kitandani. Naye ndiye aliyemtoa mjukuu wa Mama Birika mdomoni mwa kaburi.

— Apewe kiwanja, alisema Breki, dereva mstaafu. Mwenye udongo wake haondoki.

— We mzee, kiwanja utoe wapi, na wewe umepanga? Wembe kinyozi alimcheka. Aolewe! Chanda chema huvikwa pete.

— Na nani? Wewe? Meno yenyewe yamekukimbia, mke atabaki?

— Basi serikali ichukue pasipoti za madaktari wote, izifungie benki, alisema Wembe. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe analo! Mama Birika alifoka. Miaka yote hii analima vifua vya watoto wenu. Mkimfungia njia, mtakuwa na mfungwa, si mwenzenu.

Binti mwenyewe alikuwa anavuka barabara, katoka zamu, koti begani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu.

— Karibu, mgeni wetu! Breki alisogea. Tunataka ubaki hapa hapa, uzeeke nasi.

Mkono wa Mama Birika ulikwenda wenyewe kwenye sinia, kama siku zote, ukachukua kikombe cha wageni, kile cha ukingo mwekundu. Binti alikipokea kwa mikono miwili, akautazama ukuta.

— Nikibaki, aliuliza taratibu, changu ni kipi?

Wembe alikunywa kahawa iliyokwisha zamani. Breki alikitazama kikombe chake kana kwamba kakiiba. Mama Birika aliangalia misumari, mmoja mmoja. Hata marehemu mumewe alikuwa na chake pale, kinapanguswa vumbi kila kukicha.

Mama Birika alijiinua kwa kushika goti, akaingia ndani. Wakamsikia akipekua chini ya kitanda, vyombo vikigongana, akiitafuta nyundo ya marehemu.