Timu Ilipita, Mume Wangu Hakuinuka

Hamjambo ndugu zangu. Mtaniwia radhi nikitembeatembea hapa mbele, kwa sababu nikizungumza habari hii miguu yangu haitulii. Wengi wenu mnanijua kama mama wa mandazi wa Bondeni. Leo nimeombwa niwaeleze kulikuwa na nini kabla ya mandazi, kwa kuwa sote humu ndani tuna mtu nyumbani ambaye alitoka akiwa mzima akarudishwa akiwa ameumia. Sitataja jina la mtu, wala la kampuni, wala la nchi tuliyocheza nayo. Mume wangu ameniruhusu niseme yote. Ameniomba tu nisimfanye malaika.

Mimi nilizaliwa Njoro. Nilimpata mume wangu kwa sababu ya mpira, maana kaka zangu walikuwa wakija Nakuru kutazama mechi za timu za kampuni, na siku moja nikawafuata. Yeye alikuwa winga wa kulia. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu, na akiupata mpira watu wote walisimama kabla hajafanya lolote. Siku zile kampuni ikikutaka kwa mpira ilikupa kazi na nyumba. Kwa hiyo mume wangu alikuwa karani wa stoo asubuhi na mchezaji jioni, na sisi tuliishi kwenye nyumba ya kampuni yenye stima na mfereji wa maji ndani. Mama yangu alipokuja kututembelea alifungua ule mfereji na kuufunga, akaufungua tena, akacheka.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini ndipo alipoitwa timu ya taifa. Ilikuwa mechi za mchujo za kuingia Kombe la Mataifa ya Afrika. Siku habari ilipofika, majirani walijaa nyumbani kwetu wakamtazama akila, kana kwamba siku hiyo anakula kwa njia nyingine. Walikwenda kwanza kucheza ugenini, wakapanda ndege, na aliporudi aliniletea sukari ya vipakiti waliyopewa humo ndani. Walikuwa wametoka sare. Sasa ilibaki mechi ya marudiano Nairobi, na atakayeshinda anasonga mbele.

Mimi nilibaki Nakuru kwa sababu mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Nikaweka redio dirishani, nusu ya mtaa wakasimama nje. Ndugu zangu, nawaambia, ile sauti ya mtangazaji ninaisikia mpaka leo. Alisema winga wetu wa kulia amepata mpira, anakimbia, amempita beki mmoja, amepiga krosi, ameanguka. Halafu akapiga kelele kwamba ni goli. Watu nje wakarukiana. Mtangazaji akaeleza goli lile mara nyingi, nani aliupokea, nani aliupiga kwa kichwa, na kipa alivyoruka bure. Mimi nilikuwa nangoja aseme yule aliyeanguka ameinuka. Hakusema. Baadaye kidogo nikasikia jina la mtu mwingine upande wa kulia.

Nilitoka nje kuuliza. Jirani mmoja akanishika mabega akaniambia, "Mama, tumepita! Mume wako ametupitisha!"

Nikamwuliza, "Yuko wapi?"

Akasema, "Yuko Nairobi, wanasherehekea."

Watu walicheza barabarani mpaka giza likaingia. Mimi nilimfunga mtoto mgongoni nikawa natembea kutoka mlangoni mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka mlangoni. Hakuna aliyekuja kuniambia kitu. Nilipochoka kungoja nikapanda treni kwenda Nairobi, nikauliza hospitali kwa hospitali, nikamkuta. Mguu wa kulia ulikuwa umening'inizwa kwa kamba, umefungwa plasta kutoka kwenye paja. Aliniangalia, hakusema pole wala karibu. Aliniuliza, "Nakuru wanasemaje?"

Nikamwambia wanacheza. Akageuza uso ukutani.

Wakubwa wa mpira walikuja mara moja tu, na machungwa, wakapiga picha naye. Daktari alituambia mfupa utaunga, lakini goti halitakuwa goti tena. Timu ikaendelea na raundi iliyofuata na mtu mwingine akavaa jezi yake.

Sitaki kusema kampuni ilikuwa na watu wabaya. Mwanzoni walimlipa akiwa amelala. Kisha akaja meneja mwingine, akasema nyumba ile ni ya mchezaji. Kijana waliyemleta kuchukua nafasi ya mume wangu alikuja kuiangalia nyumba akatukuta bado tumo. Aliona aibu, akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia. Mwisho alisema, "Mama, nisaidie kujua mnahamia wapi, niwabebee kitanda." Akakibeba mpaka mtaa wa Bondeni kwa mkokoteni. Baada ya hapo alikuwa akipita kutujulia hali, hata wakati marafiki wa zamani walikuwa wamepotea.

Bondeni tulipokelewa na mama mmoja Mwislamu, mjane, watu wake walitoka pwani zamani. Sote tulimwita Bibi. Alitupa chumba cha nyuma akasema tutazungumza habari ya kodi mtoto akianza kutembea. Yeye ndiye aliyenifundisha kukanda mandazi ya iliki, maana mandazi yangu ya kwanza, ndugu zangu, hata mbwa aliyasusia.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu mahali hapa wengi wetu tunapajua. Nilidhani taabu yangu itakuwa mguu. Haikuwa mguu. Taabu ilikuwa kwamba mume wangu alishindwa kukaa. Nikimwekea chakula anakula vijiko viwili anainuka. Anakwenda na mkongojo mpaka barabarani, anarudi, anakwenda tena. Anakwenda stesheni kuangalia treni, na hakuna mtu anayemngojea. Alipata kazi ya kushona vifungo kwa fundi wa nguo, akaiacha. Akapata ulinzi wa duka, akauacha. Nikimwuliza sababu, anasema mahali pale pana joto, au pana kelele, au hawamtaki. Usiku anageuka na kugeuka mpaka blanketi linaanguka chini. Habari za mpira hataki kuzisikia. Mtu akitaja mechi ile anatoka nje, na mimi hajawahi kunieleza hata neno moja la yaliyompata uwanjani.

Na hali hiyo inaambukiza, msidanganyike. Mimi nami nikaanza. Naosha sahani naiacha nusu. Nauza mandazi huku macho yangu yako barabarani nikiangalia kama anaanguka. Mtoto akilia namkaripia, kisha namwomba msamaha, kisha namkaripia tena. Tukawa watu wawili tunaozunguka kwenye chumba kimoja kama nzi.

Ukaja mchujo mwingine wa Kombe la Afrika. Mji mzima ulikuwa ukizungumza habari hiyo hiyo, na mimi nilijua nyumbani kwetu siku ya mechi itakuwa moto. Nikaamua kurudi kwa mama yangu Njoro na mtoto wangu. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka. Asubuhi ya siku ile nilifunga nguo zetu ndani ya leso yangu ya kujitanda, nikaziweka nyuma ya pazia, nikasema nitamweleza akishakunywa chai.

Nilitoka kwenda kuuza mandazi ya asubuhi. Niliporudi, chai ilikuwa mezani imepoa, na yeye hayupo. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mkongojo.

Akaniambia, "Mwanangu, huu nimeukuta hapa ukutani. Mumeo amekwenda wapi bila huu?"

Ndugu zangu, fikirini. Mtu aliyekuwa haendi chooni bila mkongojo, ameuacha. Nilimwachia Bibi mtoto nikatoka mbio. Nilikwenda stesheni kwanza. Nikatazama kwenye reli, naogopa kutazama, natazama. Hayupo. Nikaenda sokoni, nikaenda kwa fundi wa nguo, nikarudi stesheni. Nilikuwa mtu wa kuuliza na kuondoka kabla sijajibiwa.

Kufikia wakati huo mechi ilikuwa imeanza, na kila duka lilikuwa na redio. Nikipita duka la vitambaa nasikia tunashambulia. Nikipita hoteli nasikia wameokoa. Watu wamejikunja kwenye redio, ninawauliza, "Hamjamwona mtu mrefu anachechemea?" nao wanajiwekea kidole mdomoni kunionyesha ninyamaze. Mwisho mwanamke mmoja muuza ndizi akaniambia amemwona akishika ukuta kwa ukuta, anaelekea barabara ya juu, ile ya kwendea Menengai, kwenye magenge ya kreta. Nilipanda ile barabara naomba kwa sauti, kama kichaa, na jua kichwani.

Njiani palikuwa na gereji ya kutengeneza trekta, ya mzee mmoja Kalasinga, mwenye kilemba. Nilikuwa napita, nikaona ajabu: watu wengi wamejaa mlangoni siku ya mechi, na hakuna sauti ya redio. Nikasogea. Nikasikia sauti ya mume wangu.

Alikuwa amekaa juu ya tairi, amenyoosha mguu mbele. Mafundi walikuwa wamemzunguka na mikono yao ya grisi, na yule mzee amesimama karibu na redio aliyoiunganisha kwenye betri ya trekta. Redio ilikuwa imezimwa. Baadaye niliambiwa ilivyokuwa. Mume wangu alifika pale goti likakataa, akaanguka mlangoni. Wakamwinua, wakampa maji. Akawaomba wazime redio. Mafundi wakakasirika. Yule mzee akasema, "Tutazima. Lakini wewe ambia sisi kwa nini."

Akaanza kuwaambia, na mimi nilifika katikati. Nikajificha nyuma ya fundi mmoja mnene.

Alisema, "Nilimwona beki wa pili anakuja. Ningeweza kuruka, lakini ningeruka, krosi isingetoka. Kwa hiyo nikapiga." Akalishika goti. Kisha akasema, "Nilisikia mguu kabla ya kusikia uchungu. Nikiwa chini, uwanja mzima ulipiga kelele. Nilidhani wamenionea huruma. Nikainua mkono niwaonyeshe niko hapa. Kumbe ni goli. Wenzangu walinipita mbio kwenda kumkumbatia mfungaji. Mmoja aliruka juu yangu. Mkono wangu ulikuwa bado juu."

Fundi mmoja akaweka spana yake chini.

Akasema tena, "Tangu siku ile nikikaa tu naona niko chini palepale. Ndiyo maana siketi."

Ndugu zangu, nilikuwa nimelala na mtu huyu kitanda kimoja wakati wote huo na sikujua kwamba aliinua mkono. Nililia, na yule fundi mnene akageuka akaniona, akanipisha. Mume wangu akanitazama. Hakuinuka kukimbia. Alinisogezea nafasi kidogo kwenye lile tairi, na mimi nikakaa.

Kisha yeye mwenyewe akamwambia yule mzee, "Washa, tusikie."

Tulifungwa siku ile. Mafundi walisonya wakatawanyika, lakini mume wangu alibaki akimsikiliza mtangazaji mpaka mwisho, mpaka taarifa ya habari ikaanza.

Tulirudi Bondeni polepole, ameniegemea begani. Njiani nikamwambia ukweli, kwamba nguo zangu na za mtoto zimefungwa.

Akasema, "Najua. Niliziona nyuma ya pazia nikitafuta shati. Nilitoka ili usilazimike kuniaga."

Nikamwuliza, "Na mkongojo?"

Akasema, "Sikuwa nakwenda mahali pa kurudi."

Sitaongeza neno juu ya hilo. Mnaelewa.

Sikusema nitabaki. Nilipofika nyumbani nilifungua ile leso kwa sababu mtoto alihitaji nguo za kulalia, na kesho yake alihitaji nguo nyingine, basi. Yule mzee wa gereji alimtuma mtu kumwita mume wangu, akampa kazi ya kupanga vipuri, akiwa amekaa. Wiki za kwanza alikuwa bado anatoka nje mara kwa mara, na mzee hakumkemea, alimwacha azunguke uani kisha arudi. Usiku mwingine mpaka sasa anaamka na kutembea. Mimi simwulizi tena "unakwenda wapi". Namwuliza "umeona nini leo", na mara nyingine ananiambia. Jioni anawafundisha vijana wa mtaa krosi, kwa maneno tu na kidole. Timu ya taifa ikicheza mchujo siku hizi, redio yetu inawashwa, na akichoka kuisikia anasema, "Zima kidogo," nasi tunazima.

Ninamshukuru Bibi, ambaye amekuwa mama yangu wa pili, na kodi alianza kuidai mtoto akiwa tayari anakimbia. Ninamshukuru mzee wa gereji aliyekubali kukosa mechi aliyokuwa ameingojea, kwa ajili ya mtu asiyemjua. Ninamshukuru kijana aliyebeba kitanda chetu. Na yule muuza ndizi, sikuwahi kumpata tena kumshukuru. Mungu awakumbuke wote.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu wako akiumia, watu watakuuliza habari ya mguu, au ya mkono, au ya mgongo. Wewe muulize habari ya siku yenyewe. Muulize, akikataa muache, kisha muulize tena siku nyingine. Na wewe mwenyewe, tafuta mtu wa kukuuliza, kwa sababu anayeuguza naye anaanguka, na wa kumtangaza hayupo.

Dada uliyeketi karibu na mlango, nimeambiwa mume wako ameangukiwa na mawe kule machimboni na leo ni mara yako ya kwanza kuja hapa. Nimekuona umeinuka mara nyingi ukaketi tena. Hakuna atakayekulazimisha kusema. Njoo ukae hapa katikati yetu, kuna nafasi, na chai bado ni moto.