Kwa Nini Kanisa la Korongoni Linaitwa Mtakatifu Kristofa

Ndugu zangu, amani ya Bwana ikae nanyi, na sifa zote zimrudie yeye! Mimi ni Mama Paulina, mkulima wa vitunguu hapa Mang'ola. Leo ni sikukuu ya somo wa kigango chetu, mtakatifu msimamizi wa kanisa letu hili dogo, na katekista ameniomba niwaeleze wageni kutoka Karatu kwa nini tunaitwa Mtakatifu Kristofa. Naeleza kwa fahari, maana nilikuwepo.

Kabla ya kumzaa binti yangu Paulina nilizika watoto wawili, wote kwa homa. Kisha nikamzika baba yao. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba nyumba yangu ina mkosi. Nilisali, lakini nilisali kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Masika moja, miaka ile baada ya vita vya Kagera, dizeli ilipokuwa ya kutafuta kwa tochi, Paulina naye akashikwa na homa. Alikuwa na miaka mitatu. Zahanati haikuwa na dawa; mganga akaniambia nimkimbize hospitali Karatu. Lori lililokuwepo lilikuwa la Bwana Salimu, mfanyabiashara Mwislamu, nalo limejaa vitunguu. Alinikalisha mbele, karibu yake, akasema mgonjwa hapandi juu ya magunia.

Tulipofika korongoni, magurudumu yakazama kwenye mchanga. Kwetu jua lilikuwa linawaka, kumbe juu mlimani Oldeani mvua imenyesha. Tukasikia mngurumo. Ndugu zangu, maji yale yanakuja na miti na mawe! Abiria wa juu waliruka wakakimbilia ukingoni. Mimi nilikuwa na mtoto aliyeshikwa na degedege, na maji yakafika mlangoni. Bwana Salimu akatuvuta hadi juu ya magunia. Naye hakujua kuogelea, kama mimi.

Ng'ambo, upande wa Karatu, alikuwepo Gidamuda, Mdatoga, na ng'ombe wake. Sisi wakulima na wafugaji hatukuwa tukisalimiana sana siku hizo. Mifugo ilikuwa ikiingia mashambani, na maneno yalikuwa makali. Akavua shuka, akafunga kamba ya ng'ombe kwenye mti, akaingia majini akipapasa chini kwa fimbo yake. Alipofika, akanyoosha mikono.

"Mama, nipe mtoto," akasema.

Nilisita. Nilikuwa na huyo mmoja tu duniani. Kisha moyo wangu ukatulia, jinsi gani siwezi kueleza, nikampa. Akamweka mabegani, akamvusha. Akarudi kunichukua mimi, akarudi tena kumchukua Bwana Salimu. Land Rover ya watalii iliyokuwa imezuiwa na mafuriko ikageuza, ikatukimbiza hospitali. Paulina akapona. Lori lilisombwa na vitunguu vyote, na Bwana Salimu akamshukuru Mungu kwamba roho zimebaki.

Tulipojenga kigango hapa karibu na korongo, wazee walitaka jina la Mtakatifu Petro. Ndipo katekista akatusimulia habari za Kristofa, mtu mkubwa aliyevusha wasafiri mtoni, hata siku moja akambeba mtoto mdogo, kumbe amembeba Bwana mwenyewe. Nikasimama mbele ya wanaume wote nikasema, "Huyo sisi tumemwona."

Wazee wakakubali. Gidamuda alipoelezwa, alicheka sana. Akasema kama mtu huyo alivusha watoto, basi ni wa kwao. Naye Bwana Salimu, alipopata lori jingine, alitusombea mawe ya msingi.

Kuna makanisa makubwa kuliko hili, nayaheshimu. Lakini jina letu hatukulichagua kitabuni tu. Tulilipata majini, mabegani mwa mtu! Paulina, yule wa miaka mitatu, sasa yuko darasa la tano, ndiye aliyeanzisha wimbo wa asubuhi. Gidamuda amekaa pale nje na wazee wenzake, na nyama ya sikukuu haigawiwi kabla hajapewa yake.

Namshukuru Mungu aliyenisikia nilipodhani hayupo. Nawe uliyekuja leo na mzigo wako, mtumaini yeye. Huenda akaja kwa mikono ya mtu usiyemsalimia. Akikwambia, nipe mtoto, mpe.