Bi Bernadina na Mgahawa Uliokuwa Bado Kufunguliwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Bernadina Tluway, Afisa Mafao wa ofisi ya Karatu ya mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Mzaliwa huyu wa Qurus aliajiriwa mwaka 1994 akiwa karani wa masijala, na kwa muda mrefu ndiye pekee aliyejua jalada lipi limo kabati gani.

Chai yake ilipoa mezani kila siku, kwa sababu hakupenda kumwacha mwanachama amesimama dirishani. Wageni walimwona mkali. Sisi pia tulimwona mkali, ila tulimzoea.

Mwaka 2021 kambi moja ya watalii ilifungwa kule Engaresero. Mpishi wake, Nanyori Lekoko, mama wa watoto watatu, akaomba fao la kukosa ajira. Penye swali la shughuli anayofanya sasa alijaza kwamba ni mfanyabiashara. Dai likakataliwa, maana ilionekana tayari ana kipato.

Bi Bernadina alikwishaona fomu nyingi za watu wa jamii za wafugaji, kama Nanyori, zikikwama hapo hapo. Kwao ni aibu mtu mzima kutamka kwamba hana kazi. Akafunga safari hadi Engaresero, akakuta kibao kipya cha mgahawa, banda lisilo na paa, na mbuzi sita wamelala ndani. Nanyori alimweleza kuwa angejaza hana kazi, mama mkwe wake angepata habari kabla ya mfuko.

Bi Bernadina aliwapiga picha mbuzi wale, akaiambatanisha na taarifa fupi: huyu anajiandaa kufanya biashara, bado hajauza hata kikombe cha chai. Taarifa ilirudishwa mara mbili. Akaipeleka mara ya tatu, na Nanyori akalipwa.

Mwezi uliopita Nanyori alifika ofisini kuwaandikisha wafanyakazi wake wanne wa mgahawa, na hakutaka kuhudumiwa na mwingine ila Bi Bernadina.

Aliyelikataa dai lile, na kuirudisha taarifa mara mbili, ni mimi ninayeandika haya. Bi Bernadina alijua, na kwa miaka minne hakunisema mbele ya mtu, hata kwa utani. Naona aibu, na ninamshukuru.

Mama, ofisi nzima inakuombea afya njema na mapumziko marefu. Nami, kabla ya kukataa dai la mtu, nitakwenda kwake kwanza.

Hilary Safari, Kitengo cha Mafao