Kamati ya Neno la Siri la Mzee Damian

YAH: UTEKELEZAJI WA ZOEZI LA UBADILISHAJI NA UHIFADHI SALAMA WA NENO LA SIRI LA AKAUNTI MOJA (1) YA BARUA PEPE, MALI YA BW. DAMIAN RUTAIHWA, MSTAAFU.

Hivyo ndivyo Byarugaba angeliandika kama angepewa karatasi yenye nembo. Siku hizi hapewi. Alistaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo, mhuri akaurudisha, ingawa mkono wake bado unaonekana kuutafuta. Kilichokuwepo asubuhi ile ni benchi la Muharami, muuza kahawa, pale Bilele, mguu mmoja umeegemezwa tofali, birika la kahawa juu ya mkaa, kashata kwenye sinia la bati, na mzee Damian, bwana shamba mstaafu kutoka Nyanga, aliyefika bila kuitikia salamu. Damian ni mtu anayeweza kumsalimia mgomba mmoja mmoja. Wenzake wakasogeza vikombe.

— Bwana Shamba, umefiwa? aliuliza Muharami, birika mkononi.

— Afadhali ningefiwa, ningejua pa kwenda kuketi. Someni wenyewe.

Simu ikapita mkono kwa mkono hadi kwa Najibu, mwenye duka la fotokopi ng'ambo ya barabara, ambaye kijiweni huitwa Satelaiti kwa sababu hakuna jambo linalotokea duniani ambalo yeye hakuwa juu yake akiliangalia. Satelaiti akasoma kwa sauti ya mtangazaji:

— "Mtu amejaribu kuingia kwenye akaunti yako akiwa karibu na Muleba. Ikiwa si wewe, badilisha neno la siri mara moja."

— Wewe leo ulikuwa Muleba? aliuliza Byarugaba.

— Mimi leo nimetoka kitandani nikaja hapa.

— Basi si wewe. Hilo liingie kwenye kumbukumbu.

Damian hakuwa na moyo wa utani. Ndani ya barua pepe ile hakukuwa na siri yoyote ya kwake. Kulikuwa na matangazo ya mbegu na salamu za sikukuu za mwaka juzi. Lakini binti yake wa mwisho, Lilian, muuguzi kule Biharamulo, alikuwa ameomba nafasi ya masomo ya ukunga chuoni, na kwa kuwa simu yake ilikuwa imeharibika siku za maombi, alijaza anuani ya baba. Jibu lilikuwa lije wiki hii. Mara mbili huko nyuma alikosa. Sasa kuna mtu Muleba anagusagusa mlango.

— Akiingia, akafuta barua ya mtoto kabla sijaiona? alisema. Nimwambie nini?

— Hatafuta, alisema Satelaiti. Hawa hawafuti. Anakaa humo humo kimya, anasoma unachosoma. Na usidhani yuko Muleba. Mwizi yuko mbali huko, Ulaya, anapitia Muleba tu.

— Kama mtu wa Karagwe anavyopitia Kyaka, alisema Muharami.

— Hasa. Mawimbi yanatua penye mwinuko. Pale Kamachumu, huko huko Muleba, ni juu, yanatua, halafu yanateremka.

Byarugaba akatikisa kichwa. Yeye aliamini kwamba kesi zote duniani, ukizichimba, ni za mpaka wa kibanja.

— Ulaya wana shida gani na Damian? Ule mgogoro wako wa mpaka na jirani Kamala uliisha?

— Uliisha. Tulipanda miramura ya mpaka mbele ya mwenyekiti.

— Kamala ana shemeji Muleba.

— Kila mtu ana shemeji Muleba, Byarugaba. Hata wewe.

— Ndiyo maana leo naenda kuzika huko. Lakini mimi sina mgogoro na barua zako.

Muharami akamimina kahawa, akashusha sauti.

— Mimi nasema ni visiwani. Mtu yuko huko Ikuza, dagaa hawaonekani mbalamwezi hii, amekaa ufukweni na simu, afanye nini? Anajaribu majina ya watu. Leo Damian, kesho Muharami.

— Wewe una barua pepe?

— Sina. Ndicho kinachonitisha, atanifungulia.

Damian akameza kahawa ikamuunguza. Satelaiti akamgeukia kama daktari.

— Mzee, neno lako la siri la sasa ni lipi? Usiniambie. Niambie tu linafananaje.

— Ni muziro, mnyama wa mwiko wa ukoo wetu, na mwaka niliozaliwa.

 Byarugaba akasema polepole:

— Nkende. Hamsini na nane.

— Umejuaje?

— Damian, waitu, wewe umesimama kwenye harusi ngapi katika mkoa huu? Kila unaposhika kipaza sauti unajitambulisha: jina, ukoo, muziro wangu ni nkende, na nilizaliwa mwaka hamsini na nane. Kuna watoto Buhembe wanalijua neno lako la siri kabla ya kujua kusoma.

 Damian alikuwa amelichagua kwa sababu ndilo neno pekee ambalo mwanaume hawezi kulisahau hata akiwa na homa. Hakuwahi kufikiri kwamba asiloweza kulisahau yeye, hakuna aliyealikwa harusini anayeweza kulisahau pia.

— Libadilishwe, alisema. Sasa hivi. Lakini mimi neno jipya nitalisahau, najijua. Nikilisahau nimemfungia mwanangu nje.

— Liandike, alisema Satelaiti.

— Likiibwa?

— Tuambie sisi tukukumbushe.

— Nyinyi? alisema Damian, na hakuna aliyeona haja ya kujitetea.

Hapo Byarugaba akaweka kikombe chini, akakohoa kile kikohozi kilichowahi kuwanyamazisha washtakiwa.

— Sanduku la chama chetu cha kuzikana lina kufuli ngapi?

— Tatu, alisema Muharami.

— Na funguo?

— Kwa watu watatu.

— Je, limewahi kuibwa?

Halijawahi kuibwa. Liliwahi kushindikana kufunguliwa wiki nzima mweka hazina alipokwenda Kampala kwa matibabu, na marehemu wa wiki ile akazikwa kwa sanda ya kukopa, lakini kuibwa, hapana. Hoja ikatolewa: neno la siri liwe na vipande vitatu, kila mjumbe ajue chake tu, na asikitaje kwa simu, kwa ujumbe wala kwa ndoto. Satelaiti akaunga mkono. Muharami akasema yeye hataki kipande, ana birika la kulinda. Damian, mwenye mali, akaulizwa kama anaafiki. Akanyoosha mkono kabisa, kama shuleni.

Simu ikazunguka. Satelaiti akaandika kipande chake akiwa amegeukia ukuta. Damian akaandika cha katikati. Byarugaba akaandika cha mwisho akiwa ameifunika simu kwa kofia, na akachukua muda mrefu kuliko wote. Kisha simu ikataka neno lirudiwe, wakazunguka tena, huku Muharami akiwakazia macho wapita njia. Satelaiti akamalizia kwa kubonyeza mahali panapoondoa vifaa vyote vilivyomo kwenye akaunti.

— Na hii simu yenyewe? aliuliza Damian.

— Hii nayo. Usafi ni usafi. Sasa izime, mwizi asiifuate ilipo. Iwashe jioni.

Byarugaba akapanda gari la kwenda Kamachumu msibani. Damian akabaki, akala kashata mbili, akaeleza namna ya kupunguza machipukizi kwenye shina la mgomba, kitu anachokieleza akiwa na furaha.

Adhuhuri ilikuwa imesaliwa msikitini na watu wametawanyika, Lilian alipotokea kona ya duka, begi begani, vumbi la safari usoni.

— Shikamoo tata. Shikamooni. Tata, simu yako ina nini? Napiga njia nzima kwa simu za kuazima, haipatikani.

— Marahaba. Tuliizima. Kuna mwizi, mwanangu. Alijaribu kuingia kwenye barua pepe akiwa Muleba.

Lilian akaweka begi chini.

— Muleba ni mimi. Basi lilisimama stendi, nikaazima simu ya abiria mwenzangu, nikajaribu. Nikaandika nkende na mwaka aliozaliwa mama, likakataa. Tata, majibu yametoka, jina langu limo kwenye orodha ya chuo. Nimepata. Wenzangu wamethibitisha jana. Mwisho ni leo saa kumi, na wanataka jibu litoke kwenye anuani ile ile ya maombi. Chuoni simu inaita tu, hawapokei. Neno la siri ni lipi?

Damian akamtazama Satelaiti. Satelaiti akatazama ukuta aliokuwa ameugeukia asubuhi. Muharami akatazama ndani ya birika.

— Tata, nimeuliza neno la siri.

— Mimi ninalo la katikati, alisema Damian.

Ilibidi Lilian aelezwe mara mbili. Hakupiga kelele, Damian angetamani apige. Alichukua simu, akaiwasha, akabonyeza pale pa waliosahau. Simu ikasema imetuma tarakimu za kufungulia kwenye namba inayoishia na kumi na nane. Baba na binti wakaitambua kwa pamoja. Ilikuwa laini ya mama, aliyezikwa kibanjani Nyanga mwaka juzi, na laini yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa.

Wakampigia Byarugaba. Alipokea kwa kunong'ona, nyuma yake kwaya inaimba.

— Byarugaba, kipande chako.

— Nani mwenzangu?

— Damian. Ni jambo la mtoto, nitajie haraka.

— Asubuhi tuliazimia kisitajwe kwa simu. Mwenyewe uliafiki kwa mkono.

— Naliondoa azimio.

— Peke yako huna akidi. Na nitajuaje ni wewe? Laini inakoroma, sauti watu wanaiga. Mwizi wa Muleba angesema hivyo hivyo.

— Mwizi alikuwa Lilian.

— Unaona? Sasa unamsingizia mtoto.

— Muziro wangu ni nkende, Byarugaba.

— Hiyo kila mtu anaijua.

Lilian akaichukua simu, akamwita Byarugaba baba mdogo, akamsihi kwa Kihaya kwa sauti ya chini, maneno ambayo Satelaiti na Muharami waliinamisha vichwa ili wasiyasikie.  Byarugaba ni mtu mwema. Hakuna kijiweni aliyewahi kusema vinginevyo.

— Mwanangu, nakuja mwenyewe. Jeneza likishashuka tu, napanda pikipiki. Siri haipiti hewani.

Wakakaa. Satelaiti alijaribu maneno aliyodhani karani wa mahakama angeyapenda, mpaka akaunti ikakataa kujaribiwa zaidi kwa muda. Muharami akampa Lilian kahawa bila kuuliza, akaishika, hakuinywa. Damian alikuwa akiangalia barabara ya Muleba kama mtu anayeangalia mvua iliyochelewa, na kila pikipiki iliyotokea aliinuka nusu, akaketi. Chuoni simu iliendelea kuita.

Byarugaba alifika saa kumi na moja, udongo wa kaburi bado kwenye viatu. Aliomba watu wageuke. Satelaiti akaandika chake, Damian chake, yeye chake chini ya kofia. Akaunti ikafunguka mara ya kwanza.

Barua ya chuo ilikuwepo tangu Ijumaa, katikati ya matangazo ya mbegu. Juu yake kulikuwa na nyingine, iliyoingia nusu saa iliyopita. Nafasi ya Lilian ilikuwa imepewa mtu mwingine.