Kiduha Kimehama Ukoo

Kijiwe cha kona ya Kilema, pale bodaboda zinapogeuzia, kina benchi moja la mbao lenye miguu mitatu mizima na wa nne wa matofali, na birika moja la chai la Bibi Ndelilio. Birika ndilo mwenyekiti. Likipoa, kikao kimekwisha. Bibi hakumaliza darasa la pili, lakini amewasikiliza wanaume wa benchi lile miaka kumi na minane, na kwa maoni yake hiyo ni elimu tosha ya kumtambua mjinga hata akivaa koti. Alasiri hiyo makoti yalikuwa mawili: Eliudi, aliyeitwa Katibu kwa kuwa ndiye katibu wa ukoo, na Meku, yaani mzee, na waliotaka kumheshimu, na Gidioni, aliyeitwa Profesa kwa kuwa husoma kila gazeti lililofungiwa maandazi. Mbele yao alisimama Filemon, mkwe wa ukoo huo, mzaliwa wa kambi za miwa kule chini, wazazi wake watu wa Kasulu. Mkononi alishika kijimmea chenye maua mekundu.

— Shikamooni wazee. Nimekuja kuomba msaragambo, ukoo unisaidie kazi ya shamba. Mahindi yangu kule tambarare yameingiliwa na hiki. Kesho nikipata watu kumi tunaking'oa chote kabla hakijamwaga mbegu. Mimi na mke wangu Kindness peke yetu hatuwezi, na ndicho chakula chetu cha mwaka.

— Marahaba, alisema Katibu, akakipokea. Mbona kazuri. Haka ni ka kuweka madhabahuni.

— Ni kiduha, Meku. Mwizi.

— Mwizi gani ana majani mabichi? Mwenye majani mabichi anajipikia kwa jua. Hilo hata mimi nalijua.

— Anajipikia, ila maji na chumvichumvi anavuta kwenye mizizi ya mahindi. Bibi shamba kanieleza. Ni mnyonyaji nusu.

Profesa akapiga funda.

— Kama mtu mwenye jiko lake, ila chumvi kila siku ni ya jirani.

— Kama mkwe aliyejenga kwenye kihamba, ardhi ya ukoo wa baba mkwe, alisema Katibu bila kumtazama mtu. Majani yake, mizizi ya watu.

Wakacheka. Filemon naye akacheka, kidogo, kama mtu anayeomba watu kumi. Bibi Ndelilio akamjazia Katibu kikombe.

— Hiki ni cha tatu hujalipa, Eliudi. Wewe majani yako yako wapi?

Profesa akacheka peke yake. Katibu akajikohoza.

— Turudi kwenye hoja. Msaragambo ni wa ukoo. Filemon, wewe ni mtu wetu, hatukatai, lakini ukoo wako ni mwingine. Na mtu hahami ukoo.

— Hiki kimehama, Filemon akasema. Zamani wataalamu walikiandika ukoo mmoja kwa kutazama sura ya ua. Juzijuzi wakapima vinasaba, wakakihamishia ukoo mwingine, wa wanyonya mizizi.

Katibu akaweka kikombe chini. Ameshika daftari la ukoo miaka ishirini, jambo hilo halijawahi kumfikia.

— Kikao kiliitishwa na nani?

— Sijui, Meku.

— Mbuzi alichinjwa wapi? Ukoo wa kwanza ulisema nini?

— Ni mmea, Meku.

— Ndiyo maana nauliza. Mtu angejitetea.

— Mimi naona hakikuhama, alisema Profesa. Kilifukuzwa. Walikikuta kinanyonya ndugu zake. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi.

— Inahusu nini? Bibi akauliza.

— Wajenzi hawapo, kwa hiyo kikapanga kwenye mahindi.

— Nyie hamuelewi, alisema Katibu, akikipunga kijimmea hewani. Hiki kilioa. Kesho kitadai kihamba. Keshokutwa kitagombea ukatibu.

— Kitashinda, Bibi akasema. Angalau kinasimama wima mchana.

— Si hivyo tu, Profesa akasogea ukingoni mwa benchi. Kikimaliza mahindi kitapanda kwenye migomba. Kikimaliza migomba kitanyonya mlima. Mnadhani theluji kule juu inapungua kwa nini? Wazungu wanalaumu moshi wa magari, kumbe kuna mzizi unavuta.

— Haraka haraka haina baraka, Katibu akaamua. Tuunde kamati.

Filemon alikuwa ameshaacha kucheka. Alitazama jua kama mtu anayehesabu mistari ya mahindi. Bibi alimwona, akaanza kutafuta neno baya la kumwambia Katibu. Yalikuwa mengi, akawa anachagua. Ndipo bodaboda ikasimama, akashuka Rachel, bibi shamba mwenyewe.

— Shikamooni. Meku, acha kukipunga hicho.

— Marahaba. Kwani kinauma?

— Juu kina maua, lakini chini vifuko vimeshapasuka. Hilo vumbi jeusi kwenye suruali yako ni mbegu. Kijimmea kimoja kinazo maelfu. Zinalala udongoni miaka kumi na zaidi, mpaka zinuse mzizi wa mahindi.

Wote wakatazama. Vumbi lilikuwa kwenye suruali ya Katibu, kwenye koti la Profesa, na kwenye benchi.

— Nani kati yenu, Rachel akauliza kwa upole, hana shamba la mahindi kule tambarare?

Profesa akaanza kuvua koti, polepole.

— Vua, Bibi akamwambia Katibu.

— Mbele za watu?

— Basi kazipande kwako.

Alimrushia kanga. Katibu akaenda nyuma ya kibanda, akarudi kajifunga kanga kiunoni, na suruali ikakung'utwa juu ya makaa pamoja na koti la Profesa, vumbi likilia tii, tii, kama ufuta kikaangoni. Bibi alicheka mpaka akashika mgongo. Filemon naye akacheka, safari hii hakuwa akiomba kitu.

Katibu akaitoa simu, akazungumza kwenye kundi la ukoo kwa sauti ya kikao:

— Ndugu zangu, kesho saa kumi na mbili asubuhi, msaragambo, shamba la Filemon. Si watu kumi. Wote.

Jibu likaingia papo hapo, sauti ya Ebenezeri, mbishi wa ukoo:

— Filemon wa ukoo gani?

Katibu akaishika kanga vizuri kwa mkono mmoja.

— Wa huku huku. Njoo na gunia.