Mjomba na Meza ya Mwisho

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mhudumu mkuu wa mgahawa wetu wa ufukweni anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Sote humwita Mjomba, hata meneja anapojisahau.

Alianza kwa kusugua glasi. Hadi leo huinua glasi kwenye mwanga, akafumba jicho moja, na akikuta alama ya kidole humrudishia aliyeisugua huku akimkazia macho. Nilitazamwa hivyo wiki yangu ya kwanza, nikatamani ardhi inimeze. Ndiye aliyetufundisha kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, na kumkatalia tajiri jambo huku tajiri mwenyewe akishukuru.

Lakini huwezi kumsifu Mjomba ukairuka meza ya mwisho, ile iliyo karibu na maji. Mwaka wake wa kwanza, mgeni mmoja, mwanamke aliyekuja peke yake, aliketi pale kula mlo wa kozi sita, sahani baada ya sahani. Supu ilipoletwa alivua viatu, akasema anakwenda kulowesha miguu kidogo, na akamwomba Mjomba asiondoe chombo chochote hadi arudi. Mjomba akaahidi. Wapiga mbizi walimtafuta hadi wakakata tamaa, na viatu vikabaki chini ya kiti.

Tangu hapo, kila jioni Mjomba huandaa meza ile: kitambaa kilichopigwa pasi, mshumaa, supu ya moto. Haondoi kitu. Asubuhi wanaofagia hukuta bakuli tupu na kiti kimelowa maji ya chumvi, ingawa bahari haifiki pale hata ikijaa. Tumeshazoea. Mpishi wetu, mtu wa majivuno, husema huyo ndiye mgeni pekee ambaye hajawahi kulalamikia chumvi.

Meneja aliyepita hakuzoea. Aliamuru meza iondolewe, na jioni hiyo wageni wote, na suti zao na hariri zao, waliinuka vitini wakiwa wamelowa sehemu za kukalia. Tulijificha jikoni kucheka, mpaka supu zao ziliporudi zimejaa mchanga. Meza ilirudishwa kabla ya kozi ya samaki, na aliyeibeba ni meneja mwenyewe.

Sasa niseme lililo moyoni. Tangu tarehe ya kustaafu ibandikwe ubaoni, kiti cha pili cha meza ile, ambacho miaka yote hakikuwa na mwenyewe, hukutwa asubuhi kimevutwa nyuma, kama sisi wahudumu tunavyomvutia mgeni anayekaribishwa. Hicho ni kikavu. Mjomba amekiona. Ameomba zawadi moja tu: Ijumaa ale pale kama mgeni, kwa sababu anaona haya kuondoka bila kuaga.

Mkewe, fundi cherehani aliyeshona sare zetu zote, hakubishana naye, anamjua. Alikuja jikoni, akatuambia, "Ale tu, lakini mnirudishie." Amemshonea shati la njano kali ili tumwone hata giza likiingia, na yeye mwenyewe atakaa meza ya jirani. Jamani, naogopa, wala sifichi.

Mjomba, ahsante kwa uvumilivu wako, kwa utani wako, na kwa kila glasi uliyoturudishia tuisugue upya. Ijumaa nitakuhudumia mimi. Utakula kozi zote sita, utaaga, kisha nitaondoa vyombo vyote, vyako na vyake, mpaka kitambaa. Ahadi ile uliitoa wewe. Mimi sikumwahidi mtu.

Tunakutakia maisha mema, na yawe ya nchi kavu. Viatu usivue.