Mama Pua na Vipimo Vilivyoshikwa na Baridi

Mimi nina miaka sabini na miwili. Nimeyazika magari manne ya maabara hii, nimewaaga wakurugenzi sita, na usukani bado naushika. Sasa jarida letu lilipotafuta wa kuandika habari za mtaalamu wetu anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, wangemwomba nani mwingine? Mimi ndiye niliyemwendesha.

Wote hapa tunamwita Mama Pua. Kazi yake ilikuwa kujua kama vipimo vipya vya magonjwa ya kifua vinasema kweli kila mahali: hospitali kubwa, kituo cha afya, mpaka zahanati ya mwisho wa barabara. Kila kijiti kipya cha kuchukulia sampuli kilianza kuingia pua zetu wafanyakazi kabla ya pua ya mgonjwa. Mkurugenzi mmoja, mtu wa kutembea kifua mbele, alitokwa machozi mbele ya wafagizi. Mama Pua akampa pole, kisha akamwomba tundu la pili. Mimi sikutoa chozi. Nilipiga chafya tu.

Lakini sifa yake kubwa ni ile ya kipimo cha haraka. Kila mgonjwa alichukuliwa sampuli mbili. Moja ilipimwa papo hapo, ya pili niliileta mimi kwenye mashine kubwa ya maabara, ndani ya kasha la barafu, bila kumwaga hata tone, na barabara ile mnaijua. Hospitalini majibu yalikubaliana. Kituo cha afya yalikubaliana. Zahanati sasa: kipimo kinasema hakuna ugonjwa, mashine inasema upo. Wakubwa wakaamua kipimo kibaki mjini, eti watu wa zahanati hawakiwezi. Maana yake mgonjwa wa kule aendelee kusafiri kutwa nzima na kikohozi chake.

Mama Pua akagoma kuutia sahihi uamuzi huo. Aliwaambia huwezi kulaumu chakula hujaona jiko. Wakasema ana kichwa kigumu. Hapo ndipo nilipojua huyu ni ndugu yangu kabisa.

Tukaenda zahanati asubuhi, akakaa kwenye benchi na wagonjwa, anatazama tu. Kumbe muuguzi wa pale, dada makini kupita kiasi, alivitunza vipimo kwenye friji ya chanjo kama mayai. Mgonjwa akiingia, anatoa kimoja na kukifungua hapo hapo, kingali kinatoka jasho la baridi, wakati kinatakiwa kikae mezani kwanza mpaka ubaridi uishe, la sivyo hakioni ugonjwa. Mama Pua alicheka, akamwambia: mwenzangu, kipimo cha kifua umekitia mafua! Muuguzi akamjibu kwamba kabatini kuna panya, kitu cha thamani angekiweka wapi, kichwani? Wakatafuta kopo la bati lenye mfuniko, vipimo vikahamia rafuni. Majibu yakaanza kukubaliana, na kipimo kikabaki zahanati.

Mama Pua, asante. Kapumzike, na pua zetu nazo zipumzike. Uzeeke na kifua safi.

Asiyeamini, muuguzi yupo na kopo lipo. Asiporidhika, aje nyumbani amuulize mke wangu. Mwaka uliofuata alikwenda kule kumsalimia dada yake, akabanwa na kifua, akapimwa zahanati ile ile na kuanza dawa siku hiyo hiyo. Leo ana pumzi ya kunigombeza kutoka jikoni mpaka getini.